Kuku wa Mgonjwa

Simu ya maandishi ilinifikia ofisini saa tatu asubuhi. Ilikuwa imeandikwa jina la mama kwa anwani yangu, na ndani yake mlikuwa na maneno matano: KAKA AMEFARIKI USIKU TUNANGOJA ALASIRI.

Kaka huyo alikuwa mjomba wangu, ndugu pekee wa mama, wa tumbo moja. Aliishi Tiwi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Mombasa, na kifua kilikuwa kimemlaza miezi miwili. Aliyeipeleka simu alikuwa mkaza mjomba, na maneno yake mawili ya mwisho hayakuhitaji kufasiriwa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wanamuaga maiti nyumbani, kabla sanda haijafungwa usoni, na jeneza likishatoka mlangoni basi kwao limekwisha. Walikuwa wamekubali kumweka mjomba mpaka sala ya alasiri ili dada yake afike amtazame uso. Baada ya hapo wasingeweza kungoja, maana maiti hacheleweshwi.

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Huzuni ndiyo iliyotangulia, nitasema kweli. Lakini nyuma yake, kama paka anayemfuata mtu mwenye samaki, ikaja furaha. Leo nitavuka Horohoro.

Yafaa nieleze, ingawa kueleza hakunisafishi. Jioni tulikuwa tukikutana vijana watano barazani, kila mmoja na shairi lake lililotoka gazetini au hadithi yake ndani ya daftari. Mmoja wetu alikuwa amefika Unguja, naye hakutuacha tusahau. "Nyie mtaandika nini," alikuwa akituuliza, "nanyi hamjatoka Tanga? Mtaandika mkonge?" Tulicheka, lakini mimi nilikwenda nalo swali lile mpaka kitandani. Kuna gari dogo la rangi ya maziwa lililokuwa likikodishwa na mwenye gereji mmoja karibu na stesheni. Kuendesha nilijifunza katika shamba la mkonge nilikofanya kazi kwanza, na leseni nilikuwa nayo. Kila nilipopita pale nililitazama gari lile kama mtu anavyomtazama mchumba wa mwenziwe. Nilikuwa nimejiapia kwamba nitalikodi siku moja, nivuke mpaka, nione nchi ya watu, nirudi na kitabu.

"Msiba au harusi?" mwenye gereji aliniuliza nilipokwenda kulichukua.

"Msiba."

"Chukua. Wa harusi wanarudisha gari limebonyea."

Akanionyesha jinsi ya kutia maji katika rejeta, akanipa debe dogo na pole. Mtu yule sikumjua hata jina la mtaa wake, na kwake nilisema kweli bila kigugumizi.

Nyumbani Makorora nilimkuta shangazi kwanza, dada wa marehemu baba, aliyekuwa akikaa nasi. Nikamvuta uani nikamsomea simu. Akajishika kichwa, akatazama mlangoni kama mama yuko karibu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwambie ni mgonjwa sana. Ukimwambia kafa ataanguka hapa, watu watajaa, na mpaka ainuke alasiri imepita. Mtoe kwanza. Mkishatoka mjini, umwambie."

"Garini, shangazi?"

"Garini ndiyo. Garini hana pa kuangukia. Nami nitakuwa naye nyuma nimshike. Ngoja nichukue buibui."

Hivyo ndivyo tunavyoficha msiba watu wa pwani. Wenye kuficha huwa wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kushika, na huficha kwa muda mfupi, kadiri ya kumfikisha mtu penye mikono ya watu. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utoto. Lakini nilimtazama shangazi, mnene, mwepesi wa kulia, mwenye kuzungumza toka Tanga mpaka Peponi, nikaona safari yangu ikijaa.

"Gari ni dogo, shangazi," nikasema.

Viti vya nyuma vilikuwa vitupu viwili.

Alinitazama. Nadhani alielewa, maana hakubishana. "Basi mwambie," akasema. "Usipite shamba la mwisho la mkonge hujamwambia. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Nilimwambia kaka yake hali si nzuri, na kwamba anataka kumwona. Hili la pili nililiongeza mwenyewe, kwa kuupamba uongo, kama ninavyopamba hadithi zangu.

"Amesema mwenyewe anataka kuniona?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Alhamdulillahi. Basi ana nguvu ya kusema." Uso wake ukafunguka. Nilikuwa nimekusudia kumtia hofu kidogo ili akubali pole pole, na badala yake nikawa nimempa matumaini mazima, yasiyo na ufa.

Tulitoka saa nne. Mama alikaa mbele kando yangu, kanga mpya mabegani na buibui juu yake, mapajani kikapu cha vitumbua vya asubuhi alivyovifunga kwa jani la mgomba. Hakuwahi kupanda gari dogo. Aligusa kioo, akagusa kitasa, akaniuliza kama honi inalia kweli, nikaipiga, akacheka akajiziba mdomo. Tulipopita Amboni mkonge ulisimama pande zote mbili, mistari yake ikikimbia kutoka barabarani hadi mwisho wa macho, na kila mstari tulioupita nilijiambia, ujao. Nikajiambia ujao, na ujao, mpaka mkonge ukaisha, vikaja vichaka na mikorosho. Nilikuwa bado nimeshika usukani kwa mikono miwili, sijamwambia.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Natazama njia."

"Tazama, mwanangu. Tusije tukafika wagonjwa watatu."

Horohoro palikuwa na mti umelazwa barabarani na askari wa pande zote mbili. Siku zile nchi ya pili ilikuwa katika hali ya hatari kwa mambo ya bara, na hata huku pwani magari yalipekuliwa. Mbele yetu lori la samaki wakavu lilikuwa likiteremshwa gunia moja moja. Askari mmoja akaja dirishani.

"Mnakwenda wapi?"

"Tiwi," mama akaniwahi, "kumtazama kaka yangu. Mgonjwa."

"Wa nini?"

"Kifua, baba."

"Siku hizi kila gari lina mgonjwa," askari akasema, si kwa ubaya. "Lililopita lilikuwa na mgonjwa wa mguu, tukakuta ni magunia ya sukari. Kaeni zamu yenu."

Simu ilikuwa katika mfuko wa shati langu, upande wa moyo. Kwa karatasi ile mti ungeinuliwa mara moja, maana nilisikia mtu mmoja mbele yetu akisema ana maziko, wakampisha. Nikateremka nimfuate askari nimwonyeshe kando. Mama naye akateremka, akashika mkono wa shati langu, kama anavyofanya penye watu wengi. Kila nilipokwenda alikuwapo. Nikawaza, nikiitoa, askari atasoma, atavua kofia, atasema pole mama kwa msiba. Na hapo ndipo atakaposikia, kwa mgeni, kando ya magunia ya samaki. Nikaiacha mfukoni. Tulingoja zamu yetu. Kivuli cha lori kilikuwa bado kando yake tulipofika, na kilikuwa chini ya magurudumu tulipoondoka.

Nchi ya ugenini ilianza bila kubisha hodi. Nilikuwa nimetazamia sijui nini, labda rangi nyingine ya udongo. Minazi ilikuwa ileile. Watoto walituamkia shikamoo kwa sauti zilezile. Kwenye kilima kimoja niliona ofisi ndogo iliyopandishwa bendera nyekundu ya Sultani, ikipeperuka juu ya paa la bati, nami nikaanza kuipanga katika maneno: nyekundu, bati, upepo. Ndiyo aibu yangu kubwa. Nilikuwa na maiti mfukoni na mama kando yangu, na sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa ikitafuta neno zuri la bendera.

Tukafika daraja la mto Umba. Mama akaniomba nipunguze mwendo.

"Hapa," akasema, akionyesha mahali mto ulipotanuka, "hapa kaka alinibeba shingoni. Hapakuwa na daraja wakati huo. Mimi naolewa Tanga, nimevaa nguo zangu, wazee wametangulia na mizigo. Maji yamfika kifuani. Ananiambia, ukinishika masikio hivyo nitakutupa. Nikamwambia, ukinitupa utamrudishia bwana mahari kwa samaki." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Alifika ng'ambo masikio mekundu. Akanitua, akasema, haya nenda, umenichosha. Kisha akalia yeye, mwanamume mzima. Mimi sikulia."

Nilisimamisha gari mwisho wa daraja. Nilimgeukia. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga: Mama, mjomba ametutangulia. Alikuwa bado anatabasamu, anafuta macho kwa ncha ya kanga, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia Makorora, sauti ya msichana aliyekuwa na kaka. Nilipenda kuisikia. Nikajiambia ni huruma, nimwachie dakika kumi zaidi. Ilikuwa huruma, lakini haikuwa huruma peke yake. Nilitaka pia kujua hadithi inaendeleaje.

"Rejeta," nikasema. "Lazima nitie maji."

Nikatia maji.

Kutoka hapo mambo hayakuwa tena mikononi mwangu. Mbele kidogo ya Lunga Lunga mama alikumbuka kwamba kuna ndugu yake wa mbali, mwanamke wa Kidigo, ajuaye mizizi ya kifua. Ni mtoto gani atakayekataa kusimama kwa dawa ya mjomba wake? Nilisimama. Mwanamke alikuwa shambani. Akaitwa. Akaja na jembe begani, wakasalimiana kwa kirefu, kila mtu na nyumba yake na mbuzi wake, tukapewa madafu, kisha akaenda tena msituni kuchimba, maana mizizi mikavu, alisema, haifai kwa kikohozi cha damu. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa nikitazama jua. Nilimwambia mama, "Tutachelewa."

"Tutachelewa nini?" akanijibu. "Mgonjwa hakimbii."

Mizizi ikafungwa kitambaani, nayo ikawekwa juu ya vitumbua.

Tukapita mashamba ya miwa ya Ramisi, hewa yote ikinuka sukari iliyoungua. Niliendesha kwa kasi kuliko alivyoniagiza mwenye gereji, gari likiruka katika makorongo, na mama akishika dari na kusema, "Pole pole, utanivunja kabla sijamwona." Nikiongeza mwendo alitaka sababu, na nikipunguza nilikuwa namwibia kaka yake. Mpaka leo sijawahi kuendesha vibaya zaidi ya hapo.

Karibu na Msambweni akaona kuku. Mwanamke alikuwa amewakalisha kando ya njia, wamefungwa miguu.

"Simama."

"Mama, jua."

"Simama, nimekwambia. Mgonjwa hanyweshwi maji ya moto matupu. Nitamtilia supu kwa mkono wangu, leo hii hii, anywe mbele yangu."

Akateremka. Akachagua kwa umakini ambao nilikuwa nimeusahau, akiwapima uzito, akipuliza manyoya kutazama ngozi.

"Huyu mbona macho yake yanasinzia?"

"Anasinzia kwa kushiba, dada," mwenye kuku akasema. "Wa kwenu Tanga ndio wanaosinzia kwa njaa."

"Umejuaje natoka Tanga?"

"Unavyominya. Mtu wa hapa angekuwa kamla zamani."

Wakacheka wote wawili. Wakapatana, wakaachana, mama akajifanya anaondoka, akaitwa, akarudi. Mwisho akapata mtetea mweusi mwenye madoa meupe shingoni, akamleta garini kwa fahari kama mtu aliyeshinda kesi. Akamweka miguuni pake. "Huyu atamwinua kaka," akasema. Mimi nilikuwa nimekwishasikia, kwa mbali, upande wa kijijini, mwadhini wa alasiri.

Nilipiga gia. Hata wakati ule, nisemapo kweli, palikuwa na nafasi ndogo. Pengine wangechelewa kutoka. Pengine jeneza lingekuwa bado mlangoni. Niliishikilia ile pengine maili baada ya maili, na jua likitupiga upande wa kushoto, na kuku akilalamika kila shimo.

Njia ya kuingilia kwa mjomba inaachana na barabara penye mikorosho mitatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia, mchanga ukizuia magurudumu, nilipowaona wanaume wakija mbele yetu. Walikuwa wengi, kanzu na kofia, wakitembea bila haraka kama watu waliomaliza kazi. Wawili walikuwa na majembe. Wanne walikuwa wamebeba jeneza, na walilibeba kwa wepesi, likicheza cheza mabegani mwao, kwa kuwa halikuwa na kitu.

Njia ilikuwa nyembamba. Ilinibidi niliweke gari pembeni liwapishe.

Mama aliinamisha kichwa kwa heshima ya msiba wa watu. "Innalillahi," akasema. "Nani huyo masikini?" Kisha akamtambua mzee mmoja kati yao, jirani wa mjomba, mwenye udongo mwekundu mpaka vifundoni. Mzee naye akamtambua. Akaja dirishani, akashika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Tulikungojea, mwanangu," akamwambia. "Tulikungojea mpaka tukaogopa dhambi. Mola atupe subira."

Mama hakupiga kelele, wala hakuanguka. Shangazi alisema kweli kwamba garini hana pa kuangukia. Alikaa wima, mikono juu ya kikapu, akalitazama jeneza mpaka likapita nyuma yetu. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulijua?"

"Ndiyo, mama."

"Toka wapi?"

"Toka Tanga."

Nilisikia kuku akikwaruza kwa kucha sakafu ya gari.

"Ukaniacha nachagua kuku," akasema.

Hakuniambia neno jingine kuhusu jambo lile, siku ile wala tangu siku ile. Nimewaza mara nyingi kwamba laiti angenitukana. Alishuka, akaenda kwa miguu, na walipomwona wanawake walitoka kumpokea kwa kilio, naye akaingia katika mikono yao. Mkaza mjomba alimpeleka chumbani, akamwonyesha kitanda kilichokwisha kuondolewa godoro. Nilimwona kwa mlango akiweka kiganja juu ya kamba za kitanda, mahali pa kichwa, akakiacha hapo.

Nilikaa matanga siku tatu na wanaume. Mama alisema atangoja arobaini. Siku ya nne niliondoka peke yangu, kwa kuwa gari lilikuwa la watu na lilipaswa kurudi. Sikusimama popote. Msambweni, Ramisi, kwa mwanamke wa mizizi, daraja la Umba, vyote vilinipita dirishani. Mti wa Horohoro waliuinua bila kuniuliza sana, mtu mmoja ndani ya gari tupu. Nilipofika kwa mwenye gereji nikatazama saa ya ukutani kwake. Njia nzima ilikuwa imenichukua saa nne tu. Nikabaki nimesimama mbele ya saa ile mpaka akaniuliza kama gari lina kasoro. Nikamwambia gari halina.

Shangazi alinifungulia mlango. Hakuuliza, habari huja kwa basi haraka kuliko sisi. Aliniwekea chakula, akakaa kunitazama nikila, kisha akasema tu, "Nafasi ilikuwapo, baba. Ningejibana."

Wenzangu wa barazani walitaka kusikia habari za nchi ya ugenini. Nilikuwa na bendera yangu, nyekundu juu ya bati, na harufu ya sukari iliyoungua, na yote nilikuwa nimeyaandika vizuri. Niliwasomea. Wakasifu. Yule wa Unguja alisema sasa nimekuwa mwandishi. Nilikwenda nyumbani nikalitia daftari chini ya sanduku, na mpaka hii leo ninapoandika haya sijawahi kutoa sentensi moja humo.

Mama alirudi kwa basi baada ya arobaini. Alishuka na kikapu chake, na chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa ukili, yule mtetea mweusi. Wakati wa matanga walichinja kuku wengi wa jirani, yeye hakukubali aguswe. Alimfungulia uani Makorora, akampa maji katika kifuu.

Yumo mpaka sasa, miaka imepita. Ametaga na kuatamia, ameshazeeka, anatembea upande. Wageni wanapokuja ghafla na nyumbani hamna kitoweo, mara moja moja nimesahau, nimechukua kisu nikamkimbilia yeye kwa kuwa ndiye wa karibu. Mama huwa yupo jikoni, na hata hageuki.

"Mwache huyo," husema. "Huyo ni wa mgonjwa."